Kabla ya Mtalii, Kijiji Kiwe na Ramani Yake

Anayechora ramani ya nchi hutoa kauli juu ya nchi hiyo. Husema mpaka uko wapi, kilichomo ni nini, chafaa kwa kazi gani na mwenye haki nacho ni nani. Mwananchi asiyeshirikishwa katika kazi hiyo huja kuambiwa baadaye kwamba shamba alilorithi kwa baba yake lina jina jingine katika karatasi, na pengine lina mwenyewe mwingine. Ndiyo sababu uchunguzi wa jiografia, ambao wengi huudhani ni somo la darasani la kukariri mito na milima, kwa hakika ni jambo la siasa na la maisha ya watu.

Jambo hili linapasa kufikiriwa sasa katika mikoa ya Shinyanga na Geita. Kanda ambayo kwa miaka mingi ilijulikana kwa pamba, ng'ombe, almasi na dhahabu inatajwa pia kuwa kanda ya utalii. Kisiwa cha Rubondo kipo. Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato ilitangazwa mwaka 2019, baada ya mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi kuunganishwa. Ngoma za Wasukuma zinajulikana nchi nzima. Maofisa wanaandika mipango, na wachunguzi wa vyuo vya hapa na vya ng'ambo wanafika vijijini na madaftari yao. Yote hayo ni mema. Lakini swali la kwanza bado halijajibiwa vya kutosha: nchi hiyo inayopimwa, kuandikwa na kutangazwa kwa wageni, wenyewe wamekwisha kuipima na kuiandika?

Ramani za wageni

Historia ya kanda hii inaonyesha hatari ya kuliacha swali hilo. Mwaka 1858 Mwingereza John Hanning Speke alitoka Tabora kwenda kaskazini, akapita katika nchi ambayo leo imo katika Mkoa wa Shinyanga, na tarehe 3 Agosti akaliona ziwa kubwa karibu na Mwanza. Wenyeji waliomwongoza njia, waliomuuzia chakula na waliomwambia habari za ziwa hilo walikuwa wakiliita Nyanza. Speke aliliandika kwa jina la malkia wake, Victoria, na jina hilo ndilo lililobaki katika ramani za dunia. Habari zilitoka kwa wenyeji. Sifa na jina vikaenda London.

Baada ya Speke walikuja watafuta madini. Dhahabu ya Geita iligunduliwa na Wajerumani mwaka 1898, na katika miaka ya 1930, chini ya Waingereza, ukafunguliwa mgodi uliofanya kazi hadi mwaka 1966. Mwaka 1940 mwanajiolojia kutoka Kanada, Dakta John Williamson, aligundua almasi ya Mwadui. Ramani za watu hao zilikuwa sahihi sana kwa kazi iliyokusudiwa. Zilionyesha miamba, mikondo ya maji na mahali pa kuchimba. Hazikuonyesha malisho yalikuwa ya nani, wala kisima kilihudumia kaya ngapi, wala makaburi ya wazee yalikuwa upande gani wa kilima.

Wataalamu wa mbung'o nao walikuwa na ramani yao. Serikali ya kikoloni iliweka Shinyanga kituo kikuu cha uchunguzi wa mbung'o, kazi iliyoongozwa na C. F. M. Swynnerton. Kuanzia miaka ya 1920 wananchi walikusanywa kupitia kwa watemi wao kufyeka vichaka ili mbung'o akose mahali pa kukaa. Ng'ombe walipata nafuu, na haki hiyo lazima isemwe. Lakini pori lililofyekwa lilikuwa pia ndiyo kuni, dawa, asali, kivuli na malisho ya kiangazi. Ukafuata ulimaji mkubwa wa pamba, na mifugo ikazidi kuongezeka katika eneo lisiloongezeka. Miongo michache baadaye nchi hiyo hiyo iliyotibiwa maradhi ya mbung'o ilikuwa na maradhi mengine: ukame, korongo na upepo uliojaa vumbi.

Haifai kudhani kwamba wakulima na wafugaji wa Usukuma walikuwa wakingoja mtaalamu awafundishe nchi yao. Katika miaka ya 1930 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo wa kituo cha Amani, alieleza kwamba udongo wa Afrika ya Mashariki hufuatana kwa utaratibu kutoka juu ya kilima hadi bondeni, mfano wa pete za mnyororo. Akauita utaratibu huo katena, na neno hilo hufundishwa hata leo katika vyuo vikuu vya dunia. Ugunduzi wake ulikuwa mkubwa. Lakini mkulima wa Kisukuma alikuwa na jina la kila pete ya mnyororo huo. Udongo wa kichanga wa mteremkoni aliuita luseni. Uliofuata chini yake aliuita itogolo. Udongo mweusi wa bondeni, unaonata wakati wa masika na kupasuka wakati wa kiangazi, aliuita mbuga. Alijua upi wa mihogo na karanga, upi wa mpunga na upi wa kulishia ng'ombe. Hiyo ilikuwa ramani kamili, ila haikuchorwa kwa wino.

Mwenyeji ni nani?

Hapa hapana budi kusimama kidogo, kwa maana neno mwenyeji laweza kupotoshwa. Katika mikutano ya kimataifa hutajwa haki za watu wa asili, na mwaka 2007 Umoja wa Mataifa ulipitisha azimio juu ya haki hizo, Tanzania ikiwa miongoni mwa nchi zilizopiga kura ya kuliunga mkono. Hata hivyo serikali ya Tanzania haijakubali kuligawa Taifa katika makabila ya asili na makabila ya kuja, ikishikilia kwamba Waafrika wote wa nchi hii ni wa asili. Yako makundi, kama Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi, ambao hali yao yataka uangalizi wa pekee. Lakini kuchukua neno hilo na kulibandika Shinyanga na Geita bila kufikiri kungeleta fujo.

Geita yenyewe ni ushahidi. Ni nchi ambamo Wazinza walikuwa na tawala zao, ambamo Walongo walifua chuma na kuuza majembe, na ambayo Wasukuma waliihamia kwa wingi, hasa baada ya serikali ya kikoloni kuanzisha Mpango wa Maendeleo ya Usukuma mwaka 1947 na kuifanya Geita eneo la kupunguzia msongamano. Kisha dhahabu ikaleta watu wa kila mkoa. Mtu anayetaka kuchora mpaka wa damu katika nchi kama hiyo atachora uongo, na uongo huo utagombanisha majirani.

Watu wa Geita walikwisha kuujibu mtihani huo wao wenyewe. Mwaka 1957 serikali ya kikoloni iliwaletea baraza la wilaya la mchanganyiko wa rangi, huku ikiendelea kuwabana kwa amri za matuta, za mihogo na za kupunguza mifugo. TANU ilikuwa imepigwa marufuku katika Usukuma tangu mwaka 1954. Mwaka 1958 maelfu ya watu wa Geita walikwenda Mwanza kupeleka malalamiko yao, wakapigwa mabomu ya machozi, lakini hawakukubali. Baraza lile likashindwa. Waliokwenda Mwanza hawakuulizana nani alitangulia kufika Geita. Walidai kitu kimoja, nacho ni kwamba watu wanaoikalia na kuilima nchi ndio waamue juu ya mambo yake.

Maana hiyo ya mwenyeji ndiyo iliyomo katika Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999. Chini ya sheria hiyo Halmashauri ya Kijiji husimamia ardhi ya kijiji kama mdhamini kwa niaba ya wanakijiji, na Mkutano Mkuu wa Kijiji una sauti juu ya ugawaji wake. Ardhi hutengwa mafungu matatu: ya matumizi ya pamoja, ya kaya na mtu mmoja mmoja, na ya akiba kwa mahitaji ya baadaye. Mwenyeji basi ni mwanakijiji, awe Msukuma, Mzinza, Msumbwa, Mlongo au Mha, mwenye haki na wajibu katika ardhi hiyo. Ila sheria haiwezi kumtetea mtu ambaye mpaka wa kijiji chake haujulikani. Pale ambapo hakuna ramani wala mpango wa matumizi ya ardhi, kila mwenye nguvu hukuta mahali pa kupenya.

Ramani zisizo na watu

Mambo mawili yaliyotukia katika kanda hii yanatosha kwa mfano.

La kwanza ni Rubondo. Kisiwa hicho kilifanywa pori la akiba mwaka 1965, na watu waliokuwa wakiishi humo kwa uvuvi na kilimo wakahamishwa. Kati ya mwaka 1966 na 1969 wakaletwa sokwe waliokuwa wakifugwa katika bustani za wanyama za Ulaya, wakaachiliwa msituni, kazi iliyoongozwa na Profesa Bernhard Grzimek wa Frankfurt. Mwaka 1977 Rubondo ikawa Hifadhi ya Taifa. Leo ni hazina ya nchi: msitu umehifadhika, samaki wana mahali pa kuzaliana, na sokwe wamezaana. Hakuna mwenye akili atakayetaka hazina hiyo iharibiwe. Lakini mgeni anayefika kutazama sokwe huelezwa kwa makini safari ya wanyama hao kutoka Ulaya. Na ni haki aelezwe pia kwa makini yale yale habari za watu waliotoka kisiwani, matambiko yao na majina waliyoyapa maghuba na vilima vyake. Hifadhi haipungukiwi kitu kwa kusema kweli.

La pili ni Bulyanhulu. Kabla ya mgodi mkubwa, maelfu ya wachimbaji wadogo walikuwa wakichimba dhahabu mahali hapo. Mwezi wa Agosti 1996 waliondolewa ili kupisha kampuni iliyokuwa na leseni, na uchungu wa jambo hilo pamoja na madai yaliyolifuata ulidumu miaka mingi. Mgodi ukaanza uzalishaji mwaka 2001. Wakati huo ziliwekwa mezani ramani mbili za mahali pamoja. Moja ilikuwa ya leseni, yenye mistari iliyonyoka na mihuri. Ya pili ilikuwa ya mashimo, vibanda, masoko na njia, nayo ilikuwa katika vichwa vya watu tu. Katika shauri la namna hiyo karatasi hushinda kichwa.

Yupo atakayesema kwamba madini na wanyamapori ni mali ya Taifa zima, si ya kijiji kimoja, na kwamba haiwezekani kila mradi ungoje ridhaa ya kila kitongoji. Hoja hiyo ina uzito. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliiweka ardhi, misitu, maji na madini miongoni mwa njia kuu za uchumi, ili faida yake iwe ya wote na isiwe ya wachache. Mtoto wa Lindi ana haki katika dhahabu ya Geita kama vile mtoto wa Geita alivyo na haki katika gesi ya kusini. Lakini mali ya wote haina maana ya hasara ya wachache. Taifa linapohitaji ardhi ya kijiji kwa faida ya umma, linapaswa kujua linachukua nini, kutoka kwa nani, na linarudisha nini. Bila ramani ya kijiji hesabu hiyo haifanyiki. Hukisiwa, na makisio kwa kawaida humwangukia mnyonge.

Tena madini huisha. Mgodi wa zamani wa Geita ulifungwa mwaka 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ukafunguliwa mwaka 2000, yaani zaidi ya miaka thelathini baadaye. Buzwagi, karibu na mji wa Kahama, ulifunguliwa mwaka 2009, na uchimbaji ukakoma mwaka 2021. Katika miaka kumi na miwili mtoto aliyezaliwa mgodi ukifunguliwa hakuwa hata amemaliza shule ya msingi. Ardhi itakayobaki baada ya dhahabu ndiyo itakayomlisha. Kwa hiyo mipango ya kanda hii, pamoja na ule wa utalii, haina budi kupimwa kwa kitakachobaki.

Somo la ngitili

Kwa bahati njema Shinyanga yenyewe imetoa mfano wa kufuatwa, na mfano huo umekwisha kusomwa na mataifa mengine. Tangu zamani Wasukuma walikuwa na ngitili, yaani eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza na kufunguliwa kiangazi kinapokuwa kikali, ng'ombe wakiwa hawana tena majani kwingine. Ziko ngitili za kaya na ziko za jumuiya. Anayeingiza mifugo kabla ya wakati hutozwa faini inayoitwa mchenya, baada ya shauri kusikilizwa katika dagashida, yaani baraza la wananchi. Hapakuwa na ua wala bango. Mpaka ulilindwa na makubaliano.

Ufyekaji wa pori uliudhoofisha utaratibu huo, na kilimo cha mazao ya biashara kikaudhoofisha zaidi. Lazima pia isemwe, kwa moyo wa kujikosoa, kwamba Operesheni Vijiji ya mwaka 1974 ilichangia. Watu walihamishwa kwa haraka kwenda katika makazi mapya, wakaziacha ngitili mbali na nyumba zao, na kilichokuwa na mlinzi kikakosa mlinzi. Nia ya kuwapa wananchi shule, zahanati na maji ilikuwa njema. Kosa lilikuwa kuchora vijiji bila kuuliza ng'ombe walilishwa wapi. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere aliandika kijitabu akakiita Tujisahihishe; kujisahihisha katika jambo hili ni kuiheshimu nia ile, si kuikana.

Mwaka 1986, wakati ambapo Shinyanga ilikwisha kuitwa jangwa la Tanzania, serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kwa jina la HASHI, kwa msaada wa Norway. Mwanzoni wataalamu walipanda miti ya kigeni katika vitalu, na matokeo hayakuwa makubwa. Mabadiliko yalikuja walipokaa na wanakijiji wakauliza nchi ilikuwaje zamani, na nani aliilinda. Jibu lilikuwa ngitili. Mwaka ule wa 1986 ngitili zilizoandikwa zilikuwa hekta 611 tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimezidi hekta 300,000, zikiwa katika vijiji zaidi ya 800. Wachunguzi walihesabu humo aina 152 za miti, vichaka na mimea itambaayo, na aina 145 za ndege. Miti mingi haikupandwa na mtu. Iliota kutoka katika visiki na mizizi iliyokuwa ingali hai ardhini, ikingoja kuachwa kwa amani.

Habari hizi zina mafunzo mawili. Kwanza, uchunguzi haukushindwa kwa sababu ya kuwasikiliza wasio na shahada. Ulifaulu kwa sababu hiyo. Mtaalamu alileta vipimo, hesabu na ulinganifu, mwanakijiji akaleta majina, mipaka na sheria. Pili, desturi ya wenyeji si lazima iwe ya usawa kwa kuwa ni ya wenyeji. Mwenye ardhi kubwa na ng'ombe wengi ana ngitili kubwa, na mjane asiye na ng'ombe hupata kuni tu, pengine kwa kuomba. Ramani ya kweli ya kijiji lazima imwonyeshe mjane huyo pia. Kusifu mila bila kuuliza nani ananufaika nayo ni namna nyingine ya kuchora ramani isiyo na watu.

Utalii wa nani?

Sasa utalii. Ipo fikra iliyozoeleka kwamba utalii ni simba na tembo, na kwamba mahali pasipo simba hapana la kuonyesha. Kwa fikra hiyo Shinyanga haina kitu. Lakini mtu anayefahamu jiografia huona mengine. Huona ngitili zenye ndege wa aina 145, mahali ambapo miaka arobaini iliyopita palitajwa kuwa jangwa. Huona mabaki ya kazi ya Walongo waliofua chuma kabla ya mkoloni, na machimbo ya zamani ya dhahabu na almasi. Huona mashindano ya ngoma baada ya mavuno, ambapo Wagika na Wagalu, vyama viwili vya tangu karne ya 19, hushindana kuvuta watazamaji kwa nyimbo, mizaha na hata nyoka. Kule Bujora, karibu na Mwanza, jumba la makumbusho la Wasukuma lililoanzishwa kwa juhudi za Padri David Clement limekwisha kuonyesha kwamba wageni hufika kutazama ngoma na viti vya watemi.

Hata hivyo ngoma inaweza kuwa heshima na inaweza kuwa dhihaka. Bugobogobo ni ngoma ya jembe. Huchezwa shambani ili kazi ya pamoja iende haraka. Ikiondolewa shambani na kuchezwa mbele ya hoteli, kwa wachezaji wanaolipwa nauli na soda, huku shamba lenyewe limechukuliwa, basi kilichobaki si utamaduni. Ni maganda yake. Mwenyeji hageuki kuwa pambo la nchi yake mwenyewe kwa kupenda. Hugeuzwa pale anaponyimwa ardhi akaachiwa kucheza.

Iko pia hadithi ya almasi ya waridi iliyopatikana Mwadui mwaka 1947, yenye karati 54.5, ambayo Dakta Williamson alimpa Binti Elizabeth wa Uingereza katika mwaka wa harusi yake. Ilikatwa, ikatiwa katika bruchi, na ikapigwa picha duniani kote. Watu wengi ng'ambo wameiona almasi hiyo kuliko waliowahi kusikia jina la Kishapu. Utalii wa kanda hii usipoangaliwa utafuata njia ya almasi ile: kitu kizuri kitatoka, sifa itakwenda mbali, na mahali kilipotoka patabaki na shimo.

Kazi ya mtumishi na mwalimu

Hayo yote yaweza kuzuilika, na wa kuyazuia hawako mbali. Ni watumishi wa umma na walimu.

Ofisa ardhi na ofisa maendeleo wa wilaya wana sheria mikononi: ile ya ardhi ya vijiji ya mwaka 1999, na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007, inayoipa Halmashauri ya Kijiji uwezo wa kutengeneza mpango wake. Vijiji vingi bado havina mpango huo. Utaratibu uliopo katika ofisi nyingi ni kutayarisha kwanza andiko la mradi wa utalii, kisha kwenda kijijini kulitangaza. Utaratibu huo ugeuzwe. Kijiji kichore kwanza ramani yake katika mkutano, ngitili, visima, njia za mifugo, makaburi na mashimo ya dhahabu vikionyeshwa kwa majina yake. Ndipo swali liulizwe: mgeni apite wapi, asipite wapi, alipe nini, na malipo hayo yaingie katika mfuko gani.

Kwa upande wa utafiti, Tume ya Sayansi na Teknolojia ndiyo inayotoa vibali kwa wachunguzi. Mtumishi wa wilaya anayempokea mchunguzi mwenye kibali asione kwamba kazi yake imekwisha kwa kugonga muhuri. Amwombe arudishe matokeo kijijini, kwa Kiswahili, pamoja na nakala ya ramani. Mwanakijiji aliyeulizwa maswali siku nzima juani ana haki ya kujua majibu yake yaliandikwaje. Ofisi ya wilaya nayo iwe na kabati la matokeo hayo. Kila mara ofisa anapohamishwa bila kabati hilo, wilaya huanza upya kujifunza ilichokwisha kujua.

Mwalimu wa jiografia ana kazi iliyo kubwa kuliko zote. Mwanafunzi wa Kahama au Nyang'hwale anaweza kutaja maziwa makuu ya Marekani ilhali hajui kwa nini udongo wa bondeni kwao ni mweusi na wa kilimani ni mwekundu. Achukuliwe nje. Atembee na wenzake kutoka kilimani hadi bondeni, aandike majina ya udongo kutoka kwa bibi yake, apime kwa kamba, achore, kisha alinganishe na katena ya kitabuni. Aulize ngitili ilianza lini na nani hunufaika nayo. Aandike habari za mchimbaji mdogo na za mfua chuma. Katika muhula mmoja darasa moja laweza kukipa kijiji ramani ambayo hakijapata kuwa nayo, na kijiji kikaipeleka mbele ya mpimaji wa serikali kuwa mwanzo wa kazi yake.

Gharama za kutofanya hivyo zinajulikana. Wafugaji wa Kisukuma waliokosa malisho kwao wamehama na ng'ombe wao hadi Rukwa, Usangu, Kilombero na Rufiji, na huko wamekuwa wageni katika ramani za watu wengine. Waliokuwa Usangu waliondolewa mwaka 2006 na 2007 kwa jina la kuokoa maji ya Ruaha. Mtu aliyepoteza nchi mara moja huzoea kuambiwa ahame. Njia ya kumwondolea mzigo huo haianzii Usangu; inaanzia katika kijiji alichotoka, pale ngitili ya babu yake ilipokuwa.

Mgeni akaribishwe Shinyanga na Geita. Desturi za kanda hii ni za ukarimu, na ndizo zilizompokea hata Speke. Lakini mgeni hukaribishwa na mwenye nyumba, naye huonyeshwa mlango, kiti na mahali pasipoingiwa. Hakuna mwenye nyumba anayengoja mgeni amwambie vyumba vyake ni vingapi. Wanakijiji wa kanda hii wanavijua vyumba vyao. Kilichosalia ni kuviandika kabla mtu mwingine hajaviandika kwa niaba yao.